Mkono wa tano umeingia msibani, kijiwe chetu tukinusuruje?

SWALI

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiwe cha kahawa hapa Morogoro. Tuko ishirini na watatu: kumi na mmoja Simba, tisa Yanga, waliobaki hawana timu ila hawakosi siku ya mechi. Tuna birika, mabenchi, redio, kundi la WhatsApp na mfuko wa kusaidiana ambao kila mmoja anachangia shilingi 2,000 kwa wiki. Mfuko huo umeshatuzikia ndugu na kutulipia hospitali. Kijiwe kikivunjika, tutakachopoteza si kahawa tu.

Tatizo letu ni tano. Tangu Yanga iifunge Simba 5-1 mwezi Novemba 2023, salamu ya wenzetu wa Yanga ni kiganja kilichokunjuliwa. Mwanzoni tulicheka wote, Simba wakiwemo. Sasa imekuwa kero. Mtu wa Simba akiagiza kahawa anaulizwa, "Vikombe vitano?" Muuza kashata, ambaye ni Yanga, humhesabia tano hata akitaka mbili. Fundi wetu mmoja alipelekewa mahindi matano ya kuchoma karakana kwake, mbele ya wateja.

Simba wakajibu kwa 6-0, na hapo ukazuka ugomvi mwingine, maana hakuna mwenye uhakika. Huyu anasema sita ni za 2012, yule anasema za 1977. Yanga wanasema nao waliwahi kushinda tano bila, Simba wanajibu kwamba ile ilikuwa Sunderland, jina lao la zamani, haiwahusu. Watu wawili wazima walishikana mashati kwa hilo.

Lililonifanya nikuandikie ni msiba. Mzee wetu mmoja, Simba tangu enzi hizo za Sunderland, alifiwa na dada yake. Tulikwenda na rambirambi ya kijiwe, na kila mmoja akaongeza chake. Kijana mmoja wa Yanga alipofika kwenye daftari akatoa noti tano za elfu moja, akaziweka moja moja huku akihesabu kwa sauti, na ya mwisho akamwinulia Mzee kiganja: "Tano, Mzee, hizi unazijua." Wachache walicheka. Mzee aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kijiweni. Kijana anasema ule ni utani wa jadi, hata msibani watani wanaruhusiwa. Baadhi ya wazee wa Yanga wanamuunga mkono, na Simba watatu wametaka kurudishiwa michango yao wajitoe.

Tufanye nini? Kuukataza utani kabisa siwezi, kijiwe kitakuwa kimya kama benki.

Mwenyekiti wa Kijiwe, Morogoro

JIBU

Mwenyekiti, salaam, na poleni kwa msiba.

Nianze na kijana, kwa sababu hilo halingoji. Amekosa, na hoja anayojitetea nayo ndiyo inayomhukumu. Ni kweli kwetu mtani ana nafasi msibani. Mhehe anaweza kuingia kwenye msiba wa Mngoni akaigiza mwendo wa marehemu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakajikuta wanacheka machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe makaburini, anayechota maji, anayepasua kuni na kukesha na wafiwa. Ruhusa ya kutania anainunua kwa kazi, na utani wake unamlenga marehemu na ukoo wake ili kupunguza uzito wa siku ile. Kijana wenu hakushika jembe, na alichokileta ni ubao wa matokeo. Wazee wanaomtetea waulizeni swali moja tu: alifanya kazi gani pale msibani? Wakikosa jibu, mjadala umekwisha.

Aende kuomba radhi nyumbani kwa Mzee, kwa miguu yake. Asipige simu, asitume ujumbe. Afuatane na watu wawili, mzee mmoja wa Yanga anayeheshimika na mmoja wa Simba. Mkienda kumi mtamlazimisha Mzee asamehe kwa sababu ya macho ya watu, na msamaha wa namna hiyo haudumu wiki. Alasiri ni wakati mzuri, wageni wamepungua na chakula cha usiku bado. Asivae jezi wala kofia ya timu yoyote. Asipeleke fedha, kwa kuwa fedha ndiyo aliyoitumia kumuumiza. Apeleke sukari kilo mbili na majani ya chai, akabidhi kwa akina mama wa nyumba. Akishakaribishwa, aseme: "Shikamoo Mzee. Nilikukosea mbele za watu siku ya msiba wa dada yako. Nimekuja kukuomba radhi." Baada ya hapo anyamaze.

Mambo mawili huharibu radhi ya aina hii. La kwanza ni neno "lakini", au "ulikuwa utani tu", ambalo linamgeuza Mzee kuwa mkosaji kwa kushindwa kuvumilia. La pili ni kuleta mzaha ili hali ichangamke. Mzaha wa kwanza ni haki ya Mzee peke yake. Akisema "nimesikia" tu, inatosha, msimbane atamke kwamba amesamehe. Na kwa kuwa kosa lilitendwa hadharani, kijana arudie sentensi ileile kijiweni siku watu wamekaa wengi, kisha mwenyekiti ubadilishe mazungumzo papo hapo.

Fundi wa karakana naye msimsahau. Mahindi yale hayakuwa na tusi, ila yalipelekwa mahali ambapo mtu anatafuta riziki. Mteja aliyesimama pale hajui habari za kijiwe chenu. Anachokiona ni fundi anayechekwa. Kanuni ni nyepesi: mtu akiwa kazini, ibadani, hospitalini, msibani au mbele ya wakwe zake, tano zinakaa mfukoni. Mbele ya mtoto wake pia, hasa mdogo, kwa sababu mtoto haoni Simba iliyofungwa, anaona baba yake anadhalilishwa.

Sasa rekodi, maana nusu ya ugomvi wenu ni kutojua. Tafuteni karatasi ya manila, mwandike kwa kalamu nene, mbandike juu ya redio.

Juni 1, 1968: Yanga 5, Sunderland 0. Maulid Dilunga mawili, Saleh Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja.

Julai 19, 1977: Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni matatu peke yake, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Yanga walijifunga.

Mei 6, 2012: Simba 5, Yanga 0. Emmanuel Okwi mawili, kisha penalti tatu za Patrick Mafisango, kipa Juma Kaseja na Felix Sunzu.

Novemba 5, 2023: Yanga 5, Simba 1. Kennedy Musonda dakika ya 3, Kibu Denis akaisawazishia Simba dakika ya 9, kisha kipindi cha pili Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki, na penalti ya Pacome Zouzoua.

Hiyo ndiyo misumari minne mikubwa ya watani hawa, miwili kila upande. Ikibandikwa hapo, mnaanza kutaniana mkiwa sawa. Utani wenu umegeuka uonevu hasa kwa sababu upande mmoja unapiga na mwingine hauna cha kurudisha, ama umesahau, ama unataja mwaka usio wake na kuchekwa mara mbili.

Kuhusu Sunderland: wa Simba wakubali. Klabu ni ileile iliyoanza 1936, jina la Simba lilikuja 1971. Anayeikataa 1968 kwa sababu ya jina aikatae pia miaka yote ya Sunderland na kila kombe lililopatikana humo, na hakuna Simba atakayekubali hasara hiyo. Mzee wenu mwenyewe aliishangilia timu hiyo kwa jina hilo.

Mtabishana pia ipi ni nzito kati ya 2012 na 2023, na ubishi huo ni mzuri, uacheni uendelee. Simba watasema tano bila zina pengo la mabao matano, tano kwa moja zina pengo la manne, na kwamba hata kipa wao alifunga. Yanga watajibu kwamba 2012 penalti zilikuwa tatu na 2023 moja tu, tena mabao yao manne ya kipindi cha pili yaliingia kati ya dakika ya 64 na ya 87. Simba watakumbusha kwamba mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Yanga watakumbusha kwamba haikupita wiki kocha wa Simba, Roberto Oliveira "Robertinho", akawa hana kazi. Kwa maoni yangu 1977 ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa mpaka leo hakuna aliyefikisha sita tena katika mechi hii. Hilo ndilo jibu ambalo vijana wa Simba wanapaswa kulikariri, pamoja na tarehe.

Mkono wenyewe nao una siri yake. Tano inauma kuliko mabao mengine kwa sababu kila mtu anaibeba kiganjani. Anayepunga kuaga, anayesimamisha bodaboda, anayeomba kahawa, wote wanaonyesha tano bila kukusudia, na shabiki wa Simba anaiona kila anakogeuka. Sita haina bahati hiyo, inahitaji mkono mzima na kidole cha mkono wa pili. Wafundisheni Simba wenu kujibu hivyo: ukionyeshwa kiganja, inua chako, kisha ongeza kidole gumba cha mkono mwingine taratibu, useme "Kibadeni" na si neno jingine. Matusi hayahitajiki hapo. Yanga wenye umri watacheka wenyewe, na wale wasiomjua Kibadeni wataulizana ni nani.

Jibu dhaifu la kuepuka ni lile la 4-1, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 12, 2020. Simba walishinda kweli na waliifurahia, lakini nne haijibu tano. Ukiitaja utaambiwa uongeze moja kwanza. Itunzeni kwa siku nyingine. Vilevile Yanga wasijaribu kujibu 6-0 kwa ushindi wao wa 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974. Ni ushindi mtamu, wazee wa Yanga bado wanausimulia, ila huo ni utani wa fainali, si wa idadi ya mabao. Na yeyote atakayejisifu mapema wakati mpira haujaisha, mkumbusheni Oktoba 20, 2013: Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, mechi ikaisha 3-3.

Kuna jambo moja kwenye karatasi hiyo ambalo halitaniwi. Mafisango, aliyefunga penalti ile ya Mei 6, 2012, alifariki kwa ajali ya gari jijini Dar es Salaam Mei 17, siku kumi na moja tu baada ya mechi. Wapo wanaounganisha mambo hayo mawili kwa mzaha. Wakati ule watu wa Yanga walimlilia pamoja na wa Simba. Jina lake litajwe kwa bao lake tu.

Sasa taratibu za kijiwe. Usiandike katiba, watu hawasomi. Weka machache yanayoshikika na uyatamke wewe mwenyewe.

Muda kwanza. Baada ya mechi ya watani, utani uwe huru kuanzia asubuhi ya siku inayofuata mpaka Ijumaa jioni. Usiku wa mechi wenyewe aliyefungwa aachwe aende nyumbani. Saa mbili za kwanza baada ya filimbi ndizo ngumi nyingi hurushwa, damu bado inachemka na wengine wameshakunywa. Wiki ikiisha, tano zinarudi kabatini, zinatolewa wiki ya mechi ijayo na siku za kumbukumbu: Yanga Juni 1 na Novemba 5, Simba Mei 6 na Julai 19. Mtashangaa jinsi watu watakavyozingojea siku hizo. Utani wa kila siku unachosha hata anayeutoa, ndiyo maana mahindi yakaonekana hayatoshi, akatafuta kikubwa zaidi, akaishia kwenye daftari la rambirambi.

Kulengwa. Timu itaniwe, kocha ataniwe, beki aliyepitwa ataniwe. Kabila, mzazi, umbo, ugonjwa na umaskini wa mtu haviguswi. Mwiteni mwenzenu Kolo (wa Simba) au Utopolo (wa Yanga), majina hayo yamezoeleka na kila upande una lake. Tofauti mtaijua kwa macho: aliyetaniwa akijibu, utani unaendelea. Akinyamaza mara mbili mfululizo, mwenyekiti geuza mazungumzo bila kumuuliza kama amekasirika, maana ukimuuliza mbele za watu umemwongezea.

Dau msiliweke kwa fedha. Hiyo ni kamari, baadhi ya wazee wenu watasusa kwa ajili ya dini, na aliyepoteza elfu ishirini hataniki tena, anadai. Msilazimishane kuvaa jezi ya mpinzani wala kunyoana nywele, vitu hivyo vinapigwa picha na vinabaki mtandaoni miaka. Upande uliofungwa ununue kahawa ya kijiwe kizima kwa siku tatu, na muuza kashata ahudumie kwa idadi aliyoombwa. Akitaka kweli kumpa Simba kashata tano, sawa, ila zile tatu za ziada ziwe zawadi yake, asimwandikie deni.

Kwenye WhatsApp muwe wakali zaidi kuliko kijiweni, kwa sababu maandishi hayana uso wala sauti, na picha husafiri. Picha za timu na stika za mabao ruksa. Picha ya mwanachama iliyochezewa, uso wake ukibandikwa juu ya mnyama au mwili wa mwanamke, ifutwe papo hapo na aliyeituma atolewe kwa wiki moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayo makosa ya kumnyanyasa mtu mtandaoni, na wewe kama msimamizi wa kundi hutaki kuitwa kituoni kueleza stika. Saa nne usiku utani ufungwe. Taarifa ya msiba ikiingia, hakuna posti ya mpira mpaka maziko yaishe.

Na mfuko utenganishwe na mpira leo. Daftari la michango lisikae mikononi mwa mtu anayesifika kwa utani, awe Simba au Yanga. Mpeni mmoja wa wale wasio na timu. Rambirambi ziwekwe kwenye bahasha, zikabidhiwe na mtu mmoja kwa niaba ya wote, kiasi cha kila mmoja kisitajwe. Mkifanya hivyo, hata mtu akitaka kurudia mchezo wa noti tano hatapata jukwaa. Wale Simba watatu wanaotaka kujitoa waombe wasubiri mpaka kijana aende kwa Mzee. Wakishaona hatua, nadhani wawili watabaki. Wa tatu akishikilia, mrudishieni chake chote bila kumkata wala kumsema, ili mlango ubaki wazi.

Mzee msimrudishe kwa kumbembeleza. Mpeni kazi. Kijana akishaomba radhi, zikapita siku tatu nne, mpelekeeni ile manila kabla hamjaibandika, mwambie ahakiki. Kwa umri wake 1968 anaikumbuka, na 1977 atakuwa na mengi ya kuongeza ambayo hakuna kijana wenu anayeyajua: nani alicheza wapi, mji ulikuwaje usiku ule. Kisha mwombeni awe mwamuzi wa utani, neno lake likisema "basi", iwe basi, hata kwa watu wa Simba wenzake. Mzee wa Yanga mmoja awe naibu wake, asionekane ameegemea upande.

Kijana akikataa kwenda, usimfukuze kijiweni na usimguse mchango wake. Mwondolee ruhusa ya mpira: akae, anywe kahawa, azungumzie mvua, bei ya mchele na siasa akitaka, lakini akianza kutaja mechi yoyote kila mtu amgeuzie mgongo, Yanga wakiwa wa kwanza. Wazee wa Yanga ndio watangaze hatua hiyo, si wewe na si Simba. Ifanyeni kabla ya mechi ijayo ya watani, kwa kuwa akipita hapo bila kuomba radhi na Yanga wakashinda tena, Mzee hamtampata.